Filamu Imeteuliwa Tamashani, Sasa Nani Ataisambaza?

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza jambo moja kwa namna tofauti: tamasha la kimataifa linamfikishaje mtengenezaji wa filamu huru kwa msambazaji? Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kuuza filamu za watu wengine katika masoko yanayoendeshwa sambamba na matamasha, kwa hiyo majibu haya ni ya mtu aliyekaa kwenye meza ya muuzaji. Barua nimezifupisha, na majina ya walioandika nimeyahifadhi.

*Dada, habari za kazi. Filamu yangu ya kwanza, ya dakika 94, imeteuliwa kwenye tamasha kubwa la kimataifa. Tumefurahi mno. Lakini mtayarishaji mwenzangu ananikumbusha kila siku kwamba tamasha halinunui filamu. Kama halinunui, litanisaidiaje kupata msambazaji?*
*– Mwongozaji wa filamu ya kwanza*

Hongera sana, mdogo wangu. Mwenzako amesema kweli, ila hajamaliza. Tamasha halinunui, lakini linawakusanya wanunuzi ukumbi mmoja, wanatazama filamu yako saa ileile, na kila mmoja anajua kwamba mwenzake wa kiti cha pili naye anapima. Hicho huwezi kukipata kwa kutuma linki. Linki ya filamu isiyojulikana inaweza kukaa kwenye barua pepe ya mnunuzi miezi sita bila kufunguliwa, na wala si kwa dharau. Ana nyingine nyingi zilizotangulia.

Tazama ukubwa wa foleni. Sundance, tamasha la filamu huru la Marekani, mwaka 2025 ilipokea filamu ndefu zaidi ya 4,000, na zilizoonyeshwa hazikufika 100. Kwa mnunuzi, hilo ni chujio alilofanyiwa na watu wengine bila kulipa. Kisha kuna soko lenyewe. Tamasha la Cannes, Ufaransa, lina soko lake, Marché du Film, tangu 1959, na Berlin ina soko la European Film Market kila Februari, siku zilezile za tamasha lake, Berlinale. Huko wanafika maelfu ya watu wa kazi hii: wasambazaji wa majumba ya sinema, wanunuzi wa televisheni na majukwaa ya mtandaoni, mawakala, na wateuzi wa matamasha mengine. Hawa wa mwisho wengi wanawasahau. Mteuzi wa nchi nyingine akiipenda filamu yako umepata mwaliko wa pili, na mwaliko wa pili huzaa wa tatu. Matamasha mengi hulipa ada ya kuonyesha, hasa kwa filamu isiyoshindania tuzo, na ziko filamu ambazo fedha yake ya uhakika kuliko zote ilitoka kwenye ada hizo.

Hapo ujue unaongea na nani. Msambazaji ananunua haki za nchi au eneo fulani, na yeye ndiye anayepanga tarehe ya sinema, anayelipia matangazo, anayeiingiza filamu kwenye televisheni au mtandaoni. Wakala wa mauzo hasambazi. Anaichukua filamu yako na kuizungusha kwa wasambazaji wa nchi mbalimbali, akikata kamisheni. Filamu huru nyingi hupita kwa wakala kwanza. Ndiyo maana utasikia filamu moja ina wenyewe wengi. *Atlantics* ya Mati Diop iliposhinda Grand Prix, tuzo ya pili kwa ukubwa ya Cannes, mwaka 2019, Netflix ilichukua haki za sehemu kubwa ya dunia, lakini si za Ufaransa wala za nchi nyingine chache. Dunia ya mauzo ya filamu hukatwa vipandevipande namna hiyo.

Nikueleze mkutano wa sokoni ulivyo, maana wengi wanaufikiria vingine kabisa. Meza ndogo, viti vitatu, bango ukutani, kelele za meza za jirani. Nusu saa tu, na anayefuata ameshasimama mlangoni. Mnunuzi haanzi kwa kuisifu sanaa yako. Anauliza: dakika ngapi? Lugha gani? Nani anaigiza? Inaonyeshwa lini, ukumbi gani? Nchi yangu bado iko wazi? Kisha anageukia bango na kulitazama kimya, na hapo najua anamtafuta mtu wa kwao atakayetoka nyumbani kwake akakate tiketi. Asipomwona, anafunga daftari kwa heshima. Akimwona, anaomba trela, halafu anaandika saa ya onyesho la waandishi na wanunuzi, lile la watu wa kazi peke yao. Ataingia, na huenda akatoka baada ya dakika 20. Usivunjike moyo ukiona migongo inatoka gizani. Nimewahi kupokea ofa kutoka kwa mtu aliyetoka mapema vile. Alikuwa ameshaamua, na filamu nyingine ilikuwa inaanza ukumbi wa pili.

Kwa hiyo kazi yako inaanza leo, kabla ya onyesho. Siku tamasha likitangaza orodha, mawakala wote wanaisoma, na baadhi watakuandikia. Wape trela na maelezo. Filamu nzima waonyeshe wale wachache unaowataka kweli. Ikishazunguka kwa kila mtu, onyesho la kwanza linabaki sherehe tu, halina tena nguvu ya kumlazimisha mtu aamue.

Na picha, tafadhali! Sijui kwa nini hili linasahaulika. Filamu nyingi hufika tamashani zikiwa na picha za wapiga kamera wakiwa kazini na hakuna hata moja safi ya mwigizaji mkuu ndani ya tukio. Mhariri wa jarida la filamu kama *Screen International* au *Variety* anataka picha ndani ya saa moja, ukubwa wa kuchapishika, yenye uso. Ukikosa, nafasi inaenda kwa filamu nyingine. Ajiri mpiga picha wakati wa kurekodi, hata kwa siku chache.

Kuhusu mamilioni unayoyasikia: ni kweli Apple ilitoa dola milioni 25 kwa *CODA* kwenye Sundance ya 2021. Ni kweli pia kwamba Fox Searchlight ilitoa milioni 17.5 kwa *The Birth of a Nation* mwaka 2016, na tiketi za Marekani zikaleta takriban milioni 16 tu, kabla majumba ya sinema hayajachukua sehemu yao. Mnunuzi anazikumbuka zote mbili anapokaa mbele yako. Mauzo ya kawaida ya filamu huru ni nchi moja, kisha nyingine, kwa kiasi cha kawaida, na hayo ndiyo yanayomwezesha mtu kutengeneza filamu ya pili.

*Dada, tamasha dogo limenialika, onyesho ni baada ya wiki sita. Wakati huohuo nimewasilisha filamu kwenye tamasha kubwa na sijajibiwa. Nikubali, au nisubiri?*
*– Anayesubiri*

Usijibu dogo leo, na usikae kimya pia. Onyesho la kwanza duniani hutokea mara moja. Cannes haitaki kwenye Shindano lake filamu iliyokwisha kuonyeshwa kwenye tamasha jingine la kimataifa au kuwekwa mtandaoni. Berlin, kwa Shindano lake, haitaki iliyokwisha kuonyeshwa nje ya nchi ilikotengenezwa. Kila tamasha lina kanuni zake, na zinatofautiana hata kati ya vitengo vya tamasha moja, kwa hiyo zisome za kitengo ulichoomba.

Andika barua mbili. Ya kwanza kwa tamasha dogo: shukuru, uliza siku ya mwisho ya kuthibitisha. Ya pili kwa lile kubwa: waambie una mwaliko mwingine, taja tarehe unayotakiwa kujibu, omba kujua filamu yako imefikia wapi. Si utovu wa adabu. Wateuzi wanapokea barua kama hizo kila msimu, na filamu wanayoipenda wataivuta mbele. Ukijibiwa kwamba bado iko kwenye mazungumzo, hiyo ni dalili njema ya kusubiri. Usipojibiwa lolote, pima ulichonacho mkononi.

Na kupima maana yake ni kuuliza nani watakuwepo. Tamasha dogo lenye wanunuzi wa aina ya filamu yako linaweza kukufaa kuliko kitengo cha pembeni cha tamasha kubwa ambako filamu yako itaonyeshwa usiku wa mwisho, wanunuzi wameshapanda ndege. *Paranormal Activity*, iliyotengenezwa kwa takriban dola 15,000, ilianzia Screamfest mwaka 2007, tamasha la filamu za kutisha. Iliingia kwenye majumba ya sinema kwa upana mwaka 2009 na ikaingiza zaidi ya dola milioni 190 duniani. Ilianzia pale ambapo watazamaji wake walikuwa. Lakini kumbuka na ile miaka miwili ya katikati.

*Dada, nimepata wakala wa mauzo baada ya onyesho letu! Mkataba unasema: haki zote, dunia nzima, miaka 15, kamisheni asilimia 25, na "gharama zote za mauzo zitarejeshwa kwa wakala kabla ya mgawanyo." Malipo ya awali hakuna. Anataka sahihi ndani ya siku tano. Mawazo yako?*
*– Mtayarishaji mwenye kalamu mkononi*

Iweke kalamu chini kwanza, kaka. Barua yako nimeisoma mara kadhaa kwa sababu mkataba wa namna hii nimeuona ukizika filamu nzuri. Filamu haifi kwa kukataliwa na tamasha, maana utaipeleka jingine. Inakufa ikiwa na mwenye haki ambaye ameacha kuiuza, na wewe huruhusiwi kuigusa.

Twende kwenye fedha. Chukua mfano: wakala ameuza nchi kadhaa, jumla dola 40,000. Kamisheni ya asilimia 25 ni 10,000. Zimebaki 30,000. Sasa inakuja ile sentensi ya gharama. Kodi ya kibanda sokoni, bango, trela mpya, tiketi za ndege, hoteli, chakula cha jioni na wanunuzi. Mkataba haujaweka kikomo, kwa hiyo orodha ikifika 30,000 wewe unapata sifuri, na hakuna kipengele kilichovunjwa. Filamu imeuzwa, bango linang'aa, na waigizaji uliowaahidi sehemu ya mapato wanakupigia simu.

Omba sentensi hiyo iandikwe upya hivi: "Gharama za mauzo zitakazorejeshwa hazitazidi dola kadhaa kwa kipindi chote cha mkataba, na gharama yoyote moja inayozidi kiasi fulani itahitaji idhini ya maandishi ya mtayarishaji." Kiasi mtakubaliana. Ongeza kwamba safari za sokoni zitagawanywa kwa filamu zote alizokwenda nazo, na kwamba mapato ya filamu yako hayatalipia hasara ya filamu nyingine wala deni la kampuni. Wakala mwaminifu atabishana nawe juu ya tarakimu. Anayekataa kabisa wazo la kikomo amekupa jibu lako.

Asilimia 25 iko juu lakini si ya ajabu pale ambapo hakuna malipo ya awali. Ijadili. Miaka 15 ndiyo inayonitisha zaidi. Taka pungufu, na hata akishikilia, weka kipengele cha haki kurudi: nchi yoyote ambayo haijauzwa ndani ya miezi 24 inarudi kwako. Weka kingine kwamba kampuni ikifilisika au ikifungwa, haki zote zinarudi bila kesi. Kampuni za mawakala hufa, na filamu zake hubaki zimefungiwa kwenye makabrasha ya mfilisi. Nchi yako mwenyewe unaweza kuitoa kwenye mkataba kabisa kama una watu unaowajua huko, pamoja na mauzo kwa shule na vyuo, na maonyesho unayoyaandaa wewe. Ada za matamasha nazo ziandikwe: nani anazipokea na anakata nini. Taarifa ya mapato idai kila baada ya miezi mitatu kwa mwaka wa kwanza, pamoja na haki ya kukagua vitabu.

Kabla ya yote hayo, fungua orodha ya filamu alizozichukua miaka mitatu iliyopita, watafute waongozaji wake, uwaulize maswali mawili: taarifa za mapato mlipata? Simu anapokea? Siku tano hizo zitumie hivyo, na kwa mwanasheria anayejua mikataba ya filamu. Ukihitaji siku kumi, ziombe. Ofa ya kweli haiozi kwa wiki moja.

Jambo jingine hukuniuliza, lakini lipo kwenye kiambatisho ulichonitumia: orodha ya makabidhiano, yaani vitu vyote unavyotakiwa kumpa wakala. Wengi hawaifungui mpaka baada ya kusaini. Hapo ndipo wanapotaka DCP (nakala ya kidijitali ya kuonyeshea sinema), manukuu ya mazungumzo kwenye faili lake peke yake, sauti na muziki vikiwa vimetenganishwa na mazungumzo ili filamu iweze kuingizwa lugha nyingine, hati za kila mwigizaji na mwandishi zinazoonyesha nani anamiliki nini, na mara nyingi bima ya kukinga madai ya kisheria. Angalia muziki kuliko vyote. Ipo filamu niliyoibeba ambayo mnunuzi wa televisheni aliipenda hadi akatoa ofa siku ileile. Wimbo wa tukio la mwisho ulikuwa na leseni ya matamasha tu. Mwenye wimbo, aliposikia habari ya televisheni, alitaja bei iliyopita ofa yenyewe. Mwongozaji alikataa kuubadilisha, ofa ikaisha muda. Ninamheshimu kwa msimamo wake, lakini leseni ya matumizi yote ingejadiliwa wakati wa kuhariri, ingekuwa nafuu zaidi.

*Mwanangu, mimi ni mtu mzima, nimestaafu na sasa natengeneza dokumentari. Haya matamasha mnayoyasema ni ya filamu za kuigiza. Sisi wengine tuna nafasi?*
*– Mzee wa kamera*

Shikamoo mzee wangu. Mnayo, na njia yenu mara nyingine ni fupi zaidi. Dokumentari ina matamasha yake makubwa, likiwemo IDFA la Amsterdam lililoanza 1988 na Hot Docs la Toronto, na yote mawili yana majukwaa ambako mradi hunadiwa mbele ya wahariri wa televisheni na wafadhili kabla haujakamilika. Ukipata hata mhariri mmoja aliyetia fedha mapema, msambazaji amepatikana filamu ikiwa bado iko kwenye uhariri. Tayarisha matoleo mawili: la sinema, na la dakika 52 au karibu na hapo, kwa sababu vituo vingi vya televisheni hununua kwa kipimo cha saa moja. Usisahau vyuo na maktaba. Dokumentari yenye mada inayofundishika huweza kuuzwa huko miaka mingi baada ya tamasha kusahaulika.

*Dada, tamasha moja la mtandaoni limenipa tuzo nne kwa mwezi. Sasa wananiambia nilipie vikombe. Ni kweli?*
*– Mshindi*

Sikushauri ulipe. Uliza ukumbi uko wapi, siku gani, nani alitazama, na msambazaji gani aliwahi kuhudhuria. Tamasha lisilo na ukumbi, wala watazamaji, wala mtu wa soko, halina wa kukukutanisha naye. Majani yale ya ushindi, yaani alama za tuzo na matamasha, ukiyajaza kwenye bango, wanunuzi wenye uzoefu wanayatambua, na yanaipunguzia filamu yako heshima inayostahili. Ada ya kuwasilisha yenyewe si uhuni. Matamasha ya kweli mengi yanatoza, na mengi husamehe ukiandika mapema na kueleza hali yako. Hiyo fedha ya vikombe igeuze kuwa ada za matamasha mawili au matatu uliyoyachunguza vizuri.

*Dada, tumeonyesha, tumepigiwa makofi, hakuna aliyenunua. Ndiyo basi?*
*– Aliyerudi mikono mitupu*

Hapana. Ofa nyingi huja wiki kadhaa baadaye, watu wakishafika ofisini na kupatana kuhusu fedha. Waandikie wote walioingia kwenye onyesho la wanunuzi. Tamasha au wakala wako anaweza kukupatia orodha. Barua fupi kwa kila mmoja kwa jina lake, ikiwa na uhakiki mmoja uliotoka, tarehe ya tamasha linalofuata na linki yenye nywila. Waulize pia waliokataa kwa nini walikataa. Wakisema wengi kwamba inachelewa kuanza, bado una mhariri, na kuna filamu zilizopunguzwa dakika kati ya tamasha la kwanza na sinema. Wakisema hawajui waiuzeje, tatizo liko kwenye bango na maelezo, na hayo yanabadilika kwa wiki moja. Usiiweke mtandaoni bure kwa hasira ya mwezi wa kwanza, maana matamasha na wasambazaji wengi wataifungia mlango hapohapo. Jipe miezi kumi na miwili ya kuizungusha vizuri, kisha niandikie tena, tutazungumzia namna ya kuisambaza mwenyewe, mji kwa mji.